Kazi Iliyo Nyuma ya Mchezo: Kutunza Viwanja na Kuandaa Mashindano Vyuoni



Mwezi wa pili kikundi kimoja cha akina mama kilituletea swali ofisini. Mmoja wao ana binti aliyemaliza kidato cha nne. Msichana alikuwa mchezaji hodari wa voliboli mpaka goti likaumia, na sasa hawezi kuruka tena. Amesikia kuna kozi ya usimamizi wa michezo katika chuo kimoja cha watu binafsi mjini, karo shilingi 68,000 kwa mwaka. Mama akaomba mkopo kutoka kwa mfuko wa kikundi. Hapo maneno yakaanza. Nusu walisema mtoto apewe. Nusu wakauliza: "Kwani mchezo ni kazi? Atalipwa kwa kutazama mpira?"

Mfuko wenyewe ulikuwa na shilingi 91,000. Hizo ni pesa za mayai, za ndizi, na za kukosa sukari nyumbani. Basi wakatuuliza sisi: tumpe ama tusimpe?

Tulikuwa hatuna jibu, na hatukutaka kubahatisha na pesa za watu. Tukachukua wiki tatu kuuliza. Tulitembelea vyuo viwili, tukaongea na watunza viwanja, na afisa mmoja wa michezo, na kijana wa eneo letu aliyesomea Marekani. Haya ndiyo tuliyopata.

Kwanza, kazi ipo

Tunapotaja michezo, kila mtu anafikiria miguu ya mkimbiaji. Chukua Henry Rono, mzaliwa wa Nandi. Mwaka wa 1978, akiwa mwanafunzi katika chuo cha Washington State huko Marekani, alivunja rekodi nne za dunia kwa siku 81. Ile ya mita 5,000 aliivunja kwenye uwanja wa chuo kikuu, kule Berkeley, California. Wazee wetu waliisikiliza habari hiyo kwa redio. Lakini ni nani aliyepima njia ile? Nani aliyefagia changarawe asubuhi, akaweka saa, akaandika majina, akafungua geti, akahakikisha daktari yupo? Bila hao rekodi haikubaliwi, hata ungekimbia kama upepo.

Hao ndio watu tunaowazungumzia. Chuo chenye wanafunzi elfu kadhaa kina uwanja wa mpira, njia ya kukimbilia, viwanja vya netiboli na voliboli, ukumbi, vyumba vya kubadilishia nguo, stoo ya vifaa. Lazima mtu ashike funguo. Na chuo hakitumii viwanja kwa michezo tu. Kuna mahafali, mikutano, maonyesho, mashindano ya shule za jirani, hata harusi. Mwezi wa Julai 2017 vijana kutoka nchi zaidi ya 100 walipokuja Nairobi kwa mashindano ya dunia ya riadha ya walio chini ya miaka 18, walikimbia Kasarani, lakini walilala katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mtu alipanga vitanda vile, chakula kile, na mabasi ya kuwapeleka na kuwarudisha.

Tangu serikali za kaunti zianze mwaka wa 2013, viwanja vya mashinani navyo viko chini ya kaunti. Kwa hivyo aliyejifunza kazi chuoni anaweza kuomba kazi huko pia, au kwa Sports Kenya, shirika la serikali lililoundwa kwa Sheria ya Michezo ya 2013, ambalo husimamia viwanja vya taifa.

Ufunguo uliokuwa mazishini

Hapa turuhusuni tuseme jambo letu wenyewe, ingawa halitupi sifa.

Mwaka wa 2011 tulisaidia kuandaa siku ya michezo ya vijana katika uwanja wa chuo kimoja. Tulipanga vikombe, tukapanga wageni wa heshima, tukapanga soda. Watu walikuja wengi kuliko tulivyotazamia. Uwanja ulikuwa na mageti mawili, moja likafunguliwa. Saa tisa mvua ya mawe ikaanza, na watu wote wakakimbilia geti hilo moja. Tukatafuta ufunguo wa lile la pili. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu aliyekuwa ameenda mazishini, kilomita arobaini mbali.

Mtoto wa miaka tisa alianguka, akakanyagwa, mkono ukavunjika. Mtunza uwanja, mzee mmoja ambaye hatukuwa hata tumemwalika kwenye mkutano wa maandalizi, ndiye aliyechukua shoka akavunja kufuli. Baadaye alituambia kwa upole: "Nyinyi watu wa parokia, mlinunua vikombe kumi na viwili. Mngeniuliza, ningewaambia kwanza tuhesabu milango."

Tulitoka hapo na bahati kuliko wengine. Mwaka mmoja mbele yake, tarehe 23 Oktoba 2010, watu saba walikufa katika msongamano Nyayo wakati wa mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Kule Scotland watu 66 walikufa kwenye ngazi za uwanja wa Ibrox tarehe 2 Januari 1971, na hapo ndipo Waingereza walipoandika kitabu cha usalama wa viwanja, ambacho kilitoka mara ya kwanza mwaka wa 1973 na kimerekebishwa mara nyingi.

Katika hesabu za kitabu hicho iko moja ambayo kila kamati ya harambee ingefaa kuijua. Mlango mmoja wa kuingiza mtu mmoja mmoja, tikiti ikikaguliwa, haupitishi zaidi ya watu 660 kwa saa. Sasa piga hesabu. Ukiwa na watu 3,000 na mlango mmoja, wa mwisho ataingia baada ya saa nne na nusu. Hatangoja. Atapanda ukuta, au atasukuma aliye mbele. Ukiwa na milango mitano, wote wameingia kabla ya saa moja kwisha. Na wakati wa kutoka, kila mlango uwe na mtu mwenye ufunguo amesimama hapo hapo kuanzia mwanzo hadi mtu wa mwisho aondoke. Asiende kununua mahindi.

Jambo hili halijaisha. Agosti 2025, wakati wa mashindano ya CHAN, Shirikisho la Mpira la Afrika lilipunguza watazamaji wa Kasarani hadi 27,000 kwa mechi ya Kenya na Zambia, kwa sababu katika mechi za nyuma watu walivunja utaratibu wa kuingia. Timu ilikuwa inacheza vizuri. Kilichotuangusha ni geti.

Ndiyo maana tunasema hii ni kazi ya maana kama ya fundi wa umeme. Ikifanywa vibaya, mtu anaumia.

Kamba, chokaa na nyasi

Kazi ya kila siku, lakini, si msisimko. Ni jembe, kamba na daftari.

Yule mzee wa shoka alitupokea tena mwaka huu. Alitufundisha kupima uwanja wa mpira. Ukitaka kona iliyo sawa, pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, kisha kamba ya kuunganisha iwe mita 5 kamili. Mafundi wa nyumba katika vikundi vyenu wanaijua hii. Wanaitumia kwenye msingi. Goli ni mita 7.32 kwa upana na 2.44 kwa urefu wa kwenda juu. Voliboli ni mita 18 kwa 9, na neti ya wanawake iko mita 2.24 kutoka chini, ya wanaume 2.43. Njia ya mkimbiaji ni mita 1.22. Katika mbio za mita 400, wa njia ya pili husimama mita 7.04 mbele ya yule wa njia ya kwanza, kwa maana anazunguka duara kubwa zaidi. Ukikosea hapo umemwibia mtoto wa mtu ushindi, na hakuna atakayejua.

Halafu chokaa. Ile inayochemka ukiitia maji isiguse kiwanja kamwe. Inaunguza ngozi, na ikiingia machoni inaweza kupofusha. Tumia unga wa mawe ya chokaa wa kawaida au rangi ya maji.

Nyasi nazo ni elimu kamili. Kuna watu wana shahada za nyasi, msicheke. Marekani ilipoandaa Kombe la Dunia la 1994, mechi nyingine zilipangwa katika uwanja wa Silverdome huko Michigan, uliofunikwa juu kama nyumba, na nyasi za kweli hazikuwa zimewahi kuchezewa Kombe la Dunia ndani ya nyumba. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan State walipanda nyasi nje ndani ya masanduku makubwa yenye pembe sita, kisha wakayaingiza moja moja na kuyaunganisha kama sega la nyuki. Mpira ukachezwa. Mwalimu aliyeongoza kazi hiyo, Trey Rogers, na John Sorochan aliyekuwa mwanafunzi wake, ndio waliopewa utafiti wa nyasi za Kombe la Dunia la 2026. Miaka zaidi ya thelathini kwa nyasi! Huyo mwanafunzi alianza kwa kubeba masanduku.

Sisi tuna jua na mvua bila kulipa, na bado viwanja vingi vya vyuo vyetu ni vumbi Januari na matope Aprili. Mara nyingi kinachokosekana ni mtaro wa kuondoa maji, na mtu wa kusema "leo hakuna kucheza, uwanja upumzike". Kusema hivyo mbele ya mkuu wa chuo kunahitaji moyo.

Jambo jingine ni radi. Wasomaji wa Kisii na Kakamega hatuna haja ya kuwaeleza. Vyuo vya Marekani hufuata kanuni hii: ukiona mwanga wa radi, anza kuhesabu. Ngurumo ikifika kabla hujamaliza sekunde 30, toa kila mtu uwanjani, na msirudi mpaka dakika 30 zipite bila mwanga wala ngurumo. Hema si kinga, wala mti. Watu waingie kwenye jengo au ndani ya gari lililofungwa. Hii haigharimu hata shilingi moja, na shule yoyote inaweza kuianza kesho.

Njia ya kupanda ngazi

Marekani ndiko kazi hii imepangwa kama ualimu au uuguzi. Chuo Kikuu cha Ohio kilianza kufundisha shahada ya usimamizi wa michezo mwaka wa 1966. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unabeba watu zaidi ya 107,000, na ni wa chuo! Karibu kila mkubwa wa kazi hii huko alianza akiwa mwanafunzi: kupanga viti, kukagua tikiti, kufunga neti. Anayeendelea na shahada ya pili anaweza kulipiwa masomo, yote au sehemu, naye afanye kazi uwanjani. Wanaita usaidizi, lakini kijana wetu alisema ni kuamka saa kumi na moja asubuhi na kulala saa sita usiku, Jumamosi na Jumapili. Mshahara wa kuanzia ni mdogo. Wengi huacha baada ya miaka michache.

Mwanafunzi wa kigeni mwenye visa ya masomo anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Ndivyo kijana wetu alivyoanza, akifunga na kufungua ukumbi wa mazoezi. Lakini sikieni vizuri: alikwenda kwanza kama mwanafunzi aliyekubaliwa na chuo. Hakuna njia ya kweli ambapo mtu wa mjini anakuuzia "kazi ya stediamu" Marekani kwa laki mbili. Mwaka wa 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana Eldoret wakidai pesa walizolipa kwa mpango wa kupeleka watoto Finland na Kanada. Wengine walikuwa wameuza mashamba. Kabla ya kulipa, mwandikieni chuo chenyewe mkaulize.

Na hapa Kenya? Hapa ngazi haijaandikwa ukutani, inabidi uitengeneze. Afisa wa michezo tuliyezungumza naye alisema akipokea barua kumi za vijana, tisa zinasema "napenda michezo". Hiyo haimsaidii. Anatafuta anayeweza kuziba bomba linalovuja, kuwasha jenereta, kumfunga bandeji aliyeumia, na kuandika ripoti ya ukurasa mmoja yenye hesabu iliyokamilika. Ushauri wake ulikuwa mfupi: kijana awe na ufundi mmoja wa mkono na cheti cha huduma ya kwanza, ndipo azungumze juu ya usimamizi. Mtihani wa ufundi wa NITA unaweza kufanywa hata na aliyejifunzia kwa fundi. Huduma ya kwanza inafundishwa na Msalaba Mwekundu na St John.

Kisha aende mahali kazi ilipo. Vyuo vikuu vina mashindano yao chini ya chama cha KUSA, na vyuo vya ualimu vina yao. Wiki ya mashindano kila chuo mwenyeji kina upungufu wa mikono. Kijana ajitolee, apige chokaa, akae getini. Na aandike. Tunarudia: aandike. Tarehe, kazi aliyofanya, watu wangapi walikuja, nini kiliharibika, nani alimsimamia. Yule mzee ana madaftari kumi na tisa ya namna hiyo kwenye sanduku la bati. Hakufika kidato cha pili, lakini chuo kilipotaka kujenga jukwaa jipya, mhandisi alikuja kumuuliza maji hupita wapi wakati wa masika, na jibu lilikuwa kwenye daftari la mwaka wa 2006.

Kozi ya darasani inakuja baadaye, na ina faida yake: bajeti, mikataba, bima, sheria. Chuo chochote cha kozi kama hiyo lazima kiwe kimesajiliwa na TVETA. Ulizeni namba ya usajili na muithibitishe. Mtoto akipelekwa chuo cha ufundi cha serikali kupitia KUCCPS anaweza kuomba mkopo wa HELB, na mfuko wa kikundi ukabaki kwa mbuzi na mbegu.

Vikundi vyenyewe je?

Kidogo tu juu ya hili, kwa sababu tutaliandikia siku nyingine. Mashindano yanataka hema, viti, uji, chakula cha mchana, watu wa usafi. Sheria inataka asilimia 30 ya ununuzi wa serikali itengewe vijana, wanawake na walemavu, na vyuo vya umma vimo. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kuomba. Ila kuna kikundi chetu kimoja kilichopika chakula cha wachezaji 240 na kikangojea malipo miezi tisa. Msiingie kwa pesa za kukopa.

Jibu tulilolipeleka

Tulirudi kwa akina mama tukawaambia kwamba kazi ni ya kweli, lakini chuo kile hatukukipata katika orodha ya TVETA, na msichana hajawahi kushinda hata siku moja kiwanjani akifanya kazi bila kucheza. Mama yake hakufurahi. Alisema tumemvunja moyo mtoto. Tulinyamaza, maana huenda alikuwa na haki ya kukasirika.

Kikundi kilikaa mpaka giza. Mwishowe walimpa mkopo wa shilingi 7,500: cheti cha huduma ya kwanza, nauli, na viatu vya mvua. Yule mzee alikubali kumpokea siku tatu kwa wiki bila malipo, kwa sharti moja, kwamba aje na daftari lake mwenyewe.

Tulipita huko wiki jana. Alikuwa amepiga magoti, goti baya amelikunjia gunia, akivuta kamba kutoka kona. Alipima tatu, nne, tano. Haikutoka sawa. Mzee akasimama kando hakusema kitu. Akang'oa kigingi, akaanza upya. Mkopo wa karo utazungumzwa tena mwezi wa kumi na mbili, na daftari litaletwa mezani.

Kikundi chenye kijana wa namna hii kinaweza kufika ofisini siku ya soko kabla ya saa sita. Tuna nakala za vipimo vya viwanja vyote tulivyotaja, na kamba ya mita 50 ya kuazima. Irudishwe ikiwa kavu.